Lulu Huliwa na Nini?

Kuna asubuhi moja ninayoikumbuka, mwanangu Kiden, kuliko hata asubuhi ya harusi yangu. Kaa nikusimulie. Hapana, usikae ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri gari. Kaa vizuri, weka huo mkoba chini. Karkade yako haitakimbia, ni maua makavu tu ya kuchemsha chai. Ndege yako ni kesho mchana na leo jua bado liko juu, kwa hiyo shangazi yako ana nafasi ya kuzungumza, na wewe huna pa kwenda.

Nimesikia ulichomwambia baba yako leo. Usinitolee macho! Mjini kwenu si mbali, ni ng'ambo ya daraja tu, na maneno ya majirani huvuka haraka kuliko bodaboda. Umemwambia mbele ya watu kwamba ni mwoga. Umesema baba za wenzako wanawasindikiza watoto wao mpaka mlangoni, lakini wako, ndugu yangu Lado, anayefanya kazi palepale uwanja wa ndege akipakia mizigo ya watu wote, amekataa hata kukubebea katoni moja. Alikuambia neno moja, "Usiende," akageukia ukuta. Nawe ukachukua vitu vyako ukaja kwangu hapa Sherikat, ili kesho usimwone.

Sitakugombeza. Haya, nitakugombeza kidogo, lakini baadaye.

Kwanza nikuambie kwamba sikulaumu kwa kutaka kwenda. Mnunuzi wa Nairobi ameonja karkade yako, ameipenda, anataka mkae mezani mzungumze. Hilo si jambo dogo. Ningekuwa na magoti kama yako, mimi mwenyewe ningeenda. Lakini hujui kwa nini baba yako amegeukia ukuta, na yeye hawezi kukuambia. Mimi nilikuwepo. Nitayasema mimi.

Wakati huo wewe ulikuwa chekechea, unalia kila ukiachwa shuleni. Sisi tulikuwa tumerudi nyumbani, watu wazima, tukijifunza kuishi Juba kama wageni. Unajua vita vilitugawa mimi na baba yako tukiwa wadogo. Mimi nililelewa Kitale, Kenya, kwa mama mdogo, nikasoma huko, Kiswahili nikakipata kwa fimbo ya mwalimu. Yeye alikulia kambini Uganda, Kiswahili akakiokota sokoni na kwa madereva wa malori. Tulipokutana tena nilikuwa nikimcheka. "Mimi iko hapa." "Ile kitu yako kwisha kuja." Naye aliniambia Kiswahili changu ni cha kusomea taarifa ya habari. Basi nyumbani tulizungumza Kiarabu cha Juba, tukasikilizana bila matusi.

Biashara yetu ilikuwa lulu. Wewe lulu unaijua, umepakwa mwili mzima tangu siku uliyozaliwa. Wamama wa njia ya Nimule huokota kokwa za mti wake porini, huzikausha, huzikaanga, huzitwanga, kisha hukanda kwa maji mpaka mikono ife ganzi na mafuta meupe yapande juu. Tunapikia, tunajipaka, tunachulia miguu ya wazee. Ni mafuta ya nyumbani tu, hakuna aliyeyaona kuwa mali.

Sasa, akaja mgeni mmoja kutoka Nairobi, tumwite Mama Njoki, mtengenezaji wa sabuni. Alikuwa amekuja Juba kwenye harusi ya jamaa yake, akaona binti mmoja anajipaka, akanusa, akauliza. Akaletwa kwangu. Akasema kule kwao haya mafuta yanatafutwa, na anataka ndoo za kutosha kuanzia, yakiwa mazuri ataagiza kila mwezi. Eh, mwanangu! Wamama walipiga vigelegele hadi mbuzi wakakimbia.

Lakini hata kabla ya kuondoka mambo yalianza kutuonyesha meno. Mama Njoki alitaka mafuta yasiyonuka moshi. Wamama wakakasirika. Mafuta yasiyonuka moshi kwetu ni mafuta ya mgonjwa, hayana ladha! Ilibidi nikae nao siku nzima kuwabembeleza, niwaambie kwamba mwenye pua ni mnunuzi, si sisi. Wakakubali shingo upande, wakakaanga kwa moto mdogo, wakanung'unika mpaka ndoo ya mwisho. Nikadhani hilo ndilo jaribu letu, tumelishinda, kalas, yamekwisha. Kumbe.

Mimi ndiye niliyeandika jina. Wamama hawakujua kuandika Kiswahili, baba yako alikuwa na haraka, mimi msomi nikashika kalamu nene nikaandika juu ya kila ndoo, kwa herufi kubwa za kupendeza: LULU HALISI YA JUBA. Nilijua vizuri neno hilo Kiswahili chake ni nini. Nilijua ni zile punje zinazong'aa, za kwenye mikufu ya matajiri. Ndiyo maana nililipenda! Niliona Mungu mwenyewe ametupa jina la biashara, na mtu wa Nairobi akilisoma atatabasamu. Kwenye karatasi za mzigo nako makarani walipouliza ni bidhaa gani, tukajibu vilevile, lulu, nao wakaandika lulu. Hapa Juba hakuna aliyeinua hata nyusi, kwa sababu hapa Juba lulu ni mafuta.

Ilikuwa mara ya kwanza ya baba yako kupanda ndege. Aliomba Mungu kwa sauti hadi abiria wa mbele akageuka. Tuliposhuka Nairobi baridi ilitupiga usoni, naye alikuwa amevaa kandambili na shati la mikono mifupi. Lakini alikuwa na furaha, Kiden. Alikuwa akinitekenya ubavuni kama mtoto, akisema kwa Kiarabu, "Dada, sisi ni wafanyabiashara wa kimataifa."

Tukaenda kwenye ghala la mizigo. Ndoo zetu zilikuwa zimepangwa kando, peke yake, na mbele yake amesimama afisa mmoja mwenye miwani, anazitazama moja moja. Nilipoona zimetengwa na mizigo mingine, nikapunguza mwendo. Sikujua kwa nini. Mwili huwa unajua mapema.

"Mzigo wa nani huu?" akauliza.

"Ya sisi, afande," baba yako akajibu, kifua mbele.

"Ndani mna nini?"

"Lulu. Lulu ya kweli kabisa."

Afisa akasoma tena maandishi. Akamtazama baba yako usoni, akateremsha macho mpaka kwenye kandambili, akayapandisha tena. "Ndoo nzima ni lulu?"

"Ndoo yote! Na nyumbani mimi iko na ingine mingi."

Hapo nikafungua mdomo. Nikasema kwa Kiswahili changu kizuri cha Kitale, "Samahani afande, hayo ni mafuta tu."

"Ni mafuta au ni lulu?"

Nami nikasema "mafuta," na wakati uleule baba yako akasema "lulu." Maneno yakagongana hewani. Afisa akavua miwani yake taratibu, akaifuta, akamwita mwenzake.

Akaja mwanamke mwenye sare, akaja na mwingine mwenye mbwa. Mbwa akanusa ndoo ya kwanza, akapita. Akanusa ya pili, akakaa. Alikaa kitako kabisa, ulimi nje, akakataa kuondoka. Nilikuwa nimesikia habari za mbwa wa namna hiyo, kwamba akikaa basi kuna kitu kibaya ndani. Leo najua mbwa wa watu alikuwa na njaa na alipenda mafuta, lakini siku ile nani angeniambia? Wakachukua pasipoti zetu. Wakamshika baba yako mkono, bila kumwumiza, wakampeleka chumba kimoja. Mimi nikapelekwa kingine. Mlango ukafungwa.

Mwanangu, nimewahi kulala porini nikisikia risasi. Nimewahi kuvuka mto mwezi wa mvua nikiwa nimeshikilia kamba. Sikuwahi kuogopa nilivyoogopa kwenye kiti kile cha plastiki. Porini ulijua adui ni nani. Pale hakuna aliyenipigia kelele, hakuna aliyenigusa, taa ilikuwa inawaka vizuri, na yule mwanamke mwenye sare alinipa hata maji. Lakini pasipoti yangu ilikuwa mezani upande wake, na nilikuwa nimekaa katika nchi ya watu ambako sina tena mtu wa kumpigia simu ila mnunuzi mmoja wa mafuta.

"Nani aliandika maneno haya kwenye ndoo?"

"Ni mimi, afande."

"Unajua lulu ni nini kwa Kiswahili?"

"Najua."

"Kwa hiyo ulijua unachoandika."

Nikaanza kueleza. Nikasema kwetu lulu ni mti, una matunda, na ndani ya tunda kuna kokwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Dada, unazungumza Kiswahili sanifu kuliko mimi. Halafu unataka niamini ulikosea neno?" Kile Kiswahili nilichojivunia ndicho kilichonikaba. Kila nilivyozidi kusema vizuri, ndivyo nilivyozidi kuonekana mjanja.

Basi nikawa nimekaa hivyo, najaribu kufikiri, mara nikasikia sauti ya baba yako kupitia ukutani. Alikuwa anapiga kelele. "Hapana! Dada hapana! Hapana!" Kiti kikaanguka.

Niliinuka. Mwanamke yule akaniambia nikae, nikakaa, lakini sikuhisi kiti. Nilijiambia wanampiga. Nilijiambia wamempata na kitu. Nilimwona mama yako kwa macho ya mawazo, amekushika mkono, amesimama kwenye daraja anatazama magari yanayotoka uwanjani, na ndani ya magari yote Lado hayumo. Nitamwambia nini mama yako? Kwamba mume wake yuko gereza la nchi nyingine kwa sababu mimi nilipenda neno?

Mlango ukafunguliwa. Afisa mwenye miwani akaingia, akasimama karibu nami, akasema taratibu kama mtu anayeleta habari ya msiba, "Ndugu yako amekubali."

"Amekubali nini?"

"Amesema lulu zote ni zake peke yake. Amesema wewe hujui kitu, tukuachilie uende nyumbani, yeye abaki."

Kiden, nililia. Sikulia kwa woga tu. Nilijua palepale anachofanya. Yule ndugu yangu niliyekuwa nikicheka Kiswahili chake alikuwa anajitupa motoni ili mimi nitoke. Na kila neno alilosema lilikuwa linazidi kumfungia mlango, kwa sababu sasa walikuwa na mtu aliyekiri. Wangemwuliza lulu zimefichwa ndoo gani, naye angejibu zote. Wangemwuliza amezitoa wapi, naye angejibu porini, zinaokotwa chini ya miti. Nani angemwamini? Wangesema anawachezea. Nikaona wazi kwamba nisipopata neno moja la kumwokoa sasa hivi, saa hiyohiyo, atapakiwa kwenye gari na sitajua amepelekwa wapi.

Nikafuta macho kwa kanga. Nikajiuliza, ni kitu gani Lado anakijua kuhusu lulu ambacho mwizi wa lulu hawezi kukitunga?

"Afande," nikasema, "naomba umwulize ndugu yangu swali moja tu. Usimwambie limetoka kwangu. Mwulize, lulu huliwa na nini?"

"Huliwa?"

"Ndiyo, huliwa. Mwulize hivyohivyo."

Akatazamana na yule mwanamke, akatoka. Sijui alikaa huko muda gani. Nilikuwa nasali bila kumaliza sentensi. Alivyorudi, alikuwa na uso wa ajabu, uso wa mtu anayebana kitu mdomoni.

"Anasema mnaipika na kudra," akasema. "Nimemwuliza kudra gani, ya Mungu? Akasema hapana, ya shambani."

Yule mwanamke mwenye sare akaziba mdomo kwa mkono. Mimi nikacheka huku machozi yananitoka, kicheko kibaya, cha kukwaruza. Nikamwambia, "Kudra kwetu ni mboga, afande. Yale majani ya kuteleza. Nyinyi huku mnaita mrenda."

"Mrenda!" akasema mwanamke. "Na lulu ndiyo mafuta yake?"

"Ndiyo mafuta yake."

"Nyinyi watu," akasema yule afisa, akaketi kwenye kona ya meza, "nyinyi watu mna maneno!"

Bado walifanya kazi yao, na siwalaumu hata kidogo, walikuwa na haki. Waliichukua ndoo ile ya mbwa, wakaiweka kwenye beseni la maji ya moto, mafuta yakayeyuka yakawa kama maji, wakayamimina yote taratibu kwenye ndoo nyingine. Hakikuonekana kitu. Mbwa alilamba sakafu. Wakaturudishia pasipoti zetu na wakatuomba radhi, sisi tukawaomba radhi wao, kila mtu akamwomba mwenzake radhi mpaka ikachosha.

Lakini usifikiri mambo yaliishia kwenye kicheko. Watu tuliachiliwa, mzigo haukuachiliwa. Karatasi zilisema lulu, na kilichomo si lulu, kwa hiyo jina lazima libadilishwe, na anayelibadilisha yuko Juba. Halafu kwa kuwa sasa ni mafuta ya kula na kupaka, yanahitaji kupimwa, na vyeti ambavyo hatukuwa tumevisikia tangu tuzaliwe. Mama Njoki alikuja, akatupa mahali pa kulala, alikuwa mtu mwema. Lakini alikuwa ameahidi sabuni kwa wateja wake, na wateja hawangojei. Akanunua mafuta ya watu wengine kutoka nchi nyingine. Yetu yakarudishwa Juba.

Nilipowaambia wamama, mmoja wao, mzee Jokudu, mikono yake yote ni mifupa, aliniuliza swali moja tu: "Walionja wakakataa?" Nikasema hawakuonja hata kidogo, mama, yamerudi kwa ajili ya jina. Hakunielewa. Nilimweleza tena, bado hakunielewa. Alikufa akiamini kwamba Nairobi ilikataa kazi ya mikono yake.

Sasa nirudi kwa baba yako, maana ni kwa ajili yake nimekukalisha hapa.

Siku ile tulipotoka, tulikaa kwenye benchi nje ya ghala. Alikuwa ameikalia mikono yake. Nikamwuliza kwa Kiarabu chetu, "Ya akui, ndugu yangu, kwa nini ulisema ni zako? Kwa nini ulipiga kelele?" Akaniambia kwamba yule mwenye miwani alikuwa amechoka kumwuliza, akainuka, akasema, "Tunafunga sasa. Tunaanza na dada yako." Akasema, "Nilisikia kwa masikio yangu. Funga. Dada yako kwanza."

Nikashangaa. Nikafikiri. Halafu nikaelewa. Hawakusema funga, mwanangu. Walisema fungua. Tunafungua sasa, tunaanza na ya dada yako. Ndoo! Walitaka kufungua ndoo, ile iliyokuwa na jina langu kwenye karatasi! Kiswahili cha kuokota sokoni hakikumpa nafasi ya kutofautisha, na mtu mwenye hofu husikia kile anachokihofia. Nilipomweleza akainua uso. Akawa anarudia polepole, "Fungua. Funga. Fungua." Akarudia mpaka nikamwambia inatosha.

Hajapanda ndege tena tangu siku hiyo. Anapakia mizigo ya watu kila siku, anaitazama ikipaa, lakini yeye miguu yake haiachi ardhi ya Juba. Na hajawahi kukuambia, kwa sababu anaona aibu. Anadhani alikuwa mjinga. Mimi niliyekuwa chumba cha pili nakuambia, sijawahi kuona mtu jasiri kama yule mvaa kandambili. Alisikia kwamba nafungwa, akasema mfunge mimi. Wewe leo umemwita mwoga, na majirani wamesikia. Hapo ndipo pa kukugombeza, na nimemaliza.

Sasa shika haya, Kiden, uende nayo.

Kitu chako kikivuka mpaka kinakuwa kitu kingine. Hapa unakijua jina lake, harufu yake, bei yake, na mtu wa kukutetea. Kule ni mgeni kama wewe, na wenyeji watakitazama kwa macho yao, si kwa yako. Kwa hiyo kabla hujakipeleka, kaa na mtu wa kule, mtu wa kawaida, mpishi au muuza duka, umwonyeshe, umwulize: nyinyi hiki mnakiitaje? Mnakifanyia nini? Kinafanana na nini ambacho kwenu kimekatazwa? Usione haya kuuliza. Sisi tuliona haya hata kufikiri kwamba kuna la kuuliza. Usipende jina kwa sababu linapendeza, lipende kwa sababu halina mlango wa pili wa maana. Vyeti vyao viulize ukiwa bado hapa, maana ukishafika kule kila karatasi inayokosekana inakula siku, na mnunuzi hana siku za kukupa, hata akiwa mwema. Usikasirike wakitaka mafuta yasiyo na moshi. Na usiweke kazi ya mikono ya watu wengi kwenye mzigo wako wa kwanza. Peleka kidogo, uone njia, ndipo uwaambie wapige vigelegele.

Na likikufika lile la chumba na kiti cha plastiki, Mungu apishe mbali, usikisie neno. Usipolisikia vizuri, sema "sijaelewa." Sema mara kumi. Waambie warudie, waambie walete mtu anayejua lugha yako. Hakuna aibu ndani ya neno hilo. Baba yako angelisema siku ile, tungekuwa tunacheka mpaka leo. Na uogope kidogo, mwanangu. Watu watakuambia biashara ni ya wasioogopa. Waongo hao. Ogopa kiasi cha kuuliza, usiogope kiasi cha kunyamaza.

Bado kuna jambo moja, nilikuwa nalizuia, lakini siwezi.

Baba yako alikuwa hapa leo. Ndiyo, kabla hujafika, baada ya ule ugomvi wenu, ulipokuwa bado unafungasha, na mmepishana kidogo tu. Alivuka daraja kwa miguu. Hakuja kunishtakia wewe, hata jina la ugomvi hakulitaja. Alisimama hapo mlangoni, kofia mkononi, akaniambia amekuwa wiki nzima akiwauliza Wakenya wote wanaoshuka uwanjani, marubani, mafundi, hata mtawa mmoja, karkade kwao inaitwaje. Mmoja akamwambia rosela. Mwingine akamwambia haibiskasi. Akataka nimsikilize anavyolitamka, kama amelishika sawasawa, maana anaogopa kukupa neno lililovunjika. "Ha-i-bis-ka-si." Akalirudia mbele yangu, mzee mzima, jasho linamtoka. Kisha akaniuliza kama nadhani utakubali kulipokea kutoka kwake.

Nikamwambia sijui. Nimwambie nini? Simama. Acha huo mkoba, hakuna atakayeugusa. Pitia kwenye daraja, utamkuta barabarani, yeye hatembei haraka siku hizi. Usimwombe akusindikize, hawezi, mwache hivyo. Mwombe neno tu, alitamke, na wewe ulirudie mpaka aridhike. Halafu mpigie magoti kama ulivyofundishwa.

Nenda, binti wa Lado. Bwana atangulie mbele yako katika kila mlango, akupe watu wema usiowajua na masikio yanayosikia kilichosemwa, na akurudishe kwetu mzima, hata kama utarudi na mkoba mtupu.